"Nimeokoka": Kitenzi cha Wokovu na Njia ya Kibua

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili cha Ukristo kimeyaeneza kutoka pwani hadi misitu ya Kongo, ni machache yaliyopata nguvu kama kitenzi -okoka. Mtu husimama mbele ya watu akasema "nimeokoka", na kwa neno hilo moja hujitenga na maisha yake ya zamani, hujipatia jumuiya mpya, na aghalabu hujipatia heshima pia. Wanateolojia hulijadili neno hilo kama fundisho. Sisi wa taaluma ya Kiswahili tuna haki ya kulihakiki kama matini: lina umbo, lina historia, lina wasimulizi wake na wasikilizaji wake, na lina mambo linayoyasema pamoja na mengine linayoyaficha.

Katika makala haya tunakusudia kulipeleka neno hilo mahali ambapo si rahisi kulitamka kwa wepesi, yaani Kibua, katika njia itokayo Masisi kwenda Walikale, Kivu ya Kaskazini. Hoja yetu si ile iliyozoeleka, kwamba waliookoka husema sana na kutenda kidogo. Hoja hiyo ni kweli mara nyingi, lakini haimfikishi mhakiki mbali. Tunachodai ni kwamba ushuhuda wa wokovu, kama usemwavyo siku hizi katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki na Kongo, umejengwa juu ya kauli ya kitenzi inayomwondoa mtenda, na kwamba kuondoka kwa mtenda ndiko kunakoitenga imani na maisha.

Tuanze na sarufi. Kitenzi -okoa, katika kauli ya kutenda, kinadai pande mbili: yuko aokoaye na yuko aokolewaye. Kauli ya kutendwa, -okolewa, humtanguliza aliyepata msaada, lakini humwachia mtenda mlango wazi, kwani twaweza kuuliza: ameokolewa na nani? Kauli ya kutendeka, -okoka, huufunga mlango huo. Tusemapo kikombe kimevunjika au mlango umefunguka, sarufi haituruhusu kuongeza "na fulani". Mtoto aliyekidondosha kikombe anaijua siri hii kabla hajaingia darasani. Mama akimwuliza, atajibu upesi kwamba kimevunjika, wala hatasema amekivunja. Ukikiongezea kitenzi hicho kiambishi -me-, unapata hali iliyokwisha kufikiwa na inayoendelea kuwapo, kama katika amelala, ameketi, ameshiba. "Nimeokoka", basi, ni sentensi ya mtu aliyefika. Haitaji aliyemfikisha, wala haisemi kama amebakiwa na safari.

Yafaa kukumbuka kwamba Maandiko ya Kiswahili yenyewe hayakuujenga msamiati wao juu ya umbo hili peke yake. Katika tafsiri ya pamoja iliyotolewa 1952, ambayo imelea masikio ya Waprotestanti wengi wa Afrika Mashariki, pale ambapo Mtume Paulo anawaandikia Waefeso juu ya neema, watafsiri wametumia kauli ya kutendwa katika wakati timilifu. Pale anapowaandikia Wakorintho juu ya neno la msalaba, wametumia kauli hiyohiyo ya kutendwa, lakini sasa ikiwa na kiambishi -na-: watu ambao tendo la kuokolewa lingali linawatokea. Na Wafilipi wanaagizwa kuutimiza wokovu wao wenyewe kwa hofu. Nyakati zote tatu zimo, uliopita, uliopo na ujao, na daima yuko mtenda, hata asipotajwa. Umbo la "nimeokoka" limetwaa wakati mmoja kati ya hizo tatu, likaacha mbili, kisha likambadilisha na mtenda kwa hali.

Kuna jambo jingine la tafsiri, na kwetu ni zito zaidi. Kitenzi cha Kiyunani kilicho nyuma ya neno wokovu kilibeba maana mbili ambazo Kiswahili kimezigawa, kuokoa na kuponya. Injili zina sentensi ileile ya Kiyunani, neno kwa neno, ambayo Yesu anaambiwa kuisema kwa wanawake wawili: yule aliyetokwa damu miaka 12, katika Marko sura ya 5, na yule mwenye dhambi aliyemlilia miguuni, katika Luka sura ya 7. Watafsiri wa 1952 walimpa wa kwanza -ponya na wa pili -okoa. Hatuwalaumu, mtafsiri hana budi kuchagua, na muktadha uliwaelekeza hivyo. Lakini matokeo ni kwamba msomaji wa Kiswahili anakutana na wanawake wawili waliopata mambo mawili tofauti, mmoja afya ya mwili na mwingine afya ya roho, ilhali mwandishi wa Injili alisikia jambo moja.

Msikilizaji wa Kivu hana shida hiyo kwa kiwango kilekile. Wengi katika Masisi na Walikale husikia Kiswahili huku masikio yao yakiwa na lugha nyingine nyuma yake, Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda. Katika Kinyarwanda gukiza ni kuponya na ni kuokoa, na Umukiza ni jina la Kristo. Hata Kiswahili chenyewe, nje ya kanisa, hakikuutii sana mgawanyo huo. Aliyepona ugonjwa na aliyeponea chupuchupu katika ajali wanatumia kitenzi kimoja. Wa pili husemwa pia kuwa ameponea tundu la sindano. Na watu waliotoka hai katika meli iliyozama, magazeti yetu huwaita waliookoka. Yaani neno lilelile la madhabahuni ni neno la manusura. Tutalirudia jambo hili.

Ushuhuda kama utanzu wa fasihi simulizi una mahali na wakati wa kuzaliwa, na mahali penyewe ni hospitali. Septemba 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, mashariki ya Rwanda, walikutana Kampala wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 Gahini ikawa chemchemi ya uamsho ulioenea Uganda, Burundi, Tanganyika, Kenya na Kongo mashariki, na kutoka Kiganda tukapata neno mlokole. Kiini cha uamsho huo kilikuwa mkutano wa ushirika, ambamo watu walisimama mmoja mmoja na kueleza waliyoyatenda. Walisema waziwazi: nimeiba jembe la fulani, nimemchukia fulani kwa sababu ya kabila lake, nimemdanganya mwajiri wangu. Kisha walikwenda kurudisha. Wahakiki hawakosi kuona kwamba katika umbo hili la awali kitenzi -okoka hakikuwa peke yake. Kilizungukwa na vitenzi vingine vyenye watenda na watendwa, nimeiba, nimerudisha, nimeomba radhi. Kitenzi cha hali kilitegemezwa na vitenzi vya matendo. Walokole wa Kikuyu wakati wa vita vya Mau Mau walikataa kiapo, na wengi wao wakakataa pia bunduki za serikali, na baadhi yao wakauawa kwa hilo. Mtu anaweza kuubishia msimamo wao wa kisiasa, na wengi wameubishia, lakini hawezi kusema kwamba wokovu wao ulikuwa maneno tu.

Ilivyotokea baadaye ni kwamba utanzu ulibaki na sehemu yake ya mwisho, sehemu ya kurudisha ikanyauka. Fasihi iliona kasoro hiyo mapema. Katika tamthilia ya Kikuyu *Ngaahika Ndeenda*, ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩrĩĩ, iliyoigizwa Kamĩrĩĩthũ 1977 na ambayo wasomaji wetu wanaifahamu kwa tafsiri yake *Nitaolewa Nikipenda*, tajiri Kĩoi na mkewe wanamjia kibarua wao Kĩgũũnda kumsihi afunge ndoa ya kanisani. Sherehe inahitaji fedha, fedha zinahitaji mkopo, mkopo unahitaji rehani, na rehani ni kishamba kile kimoja cha maskini. Mwisho wa yote kishamba kinakwenda. Kejeli hiyo inachoma kwa sababu Kĩoi hasemi uongo anaposema ameokoka. Kwa kauli ya kutendeka, hana alichoficha. Sarufi ya ushuhuda wake haimwulizi amemtendea nini Kĩgũũnda. Hata hivyo kejeli ya tamthilia ina mpaka. Inatuonyesha wokovu kama silaha ya mwenye mali, lakini haituachii nafasi ya kumsikia mnyonge anapolitumia neno hilohilo kwa haki yake. Na huko Kibua wanaolitumia ni wanyonge.

Historia ya karibuni ya Kibua haiwezi kutenganishwa na ile ya Gahini. Miaka 60 na ushei baada ya uamsho kuanza, nchi iliyouzaa ilishuhudia mauaji ya kimbari ya 1994, na watu waliokimbilia makanisani, kama vile Ntarama na Nyamata, waliuawa humohumo. Swali ambalo jambo hilo linauuliza ushuhuda wa wokovu halijapata jibu, na hatudai kulitoa hapa. Julai 1994 umati wa wakimbizi ulivuka mpaka kuingia Goma, na ndani yake walikuwamo askari na wanamgambo waliohusika na mauaji. Kutokana na mabaki yao na watu wengine liliundwa kundi la FDLR mwaka 2000, na kwa miaka kadhaa, hadi operesheni ya majeshi ya Kongo na Rwanda ya Januari 2009, makao makuu ya kijeshi ya kundi hilo yalikuwa Kibua.

Hapa mhakiki wa lugha hana budi kusimama kidogo, kwa sababu tawi la kijeshi la FDLR lilijiita Abacunguzi. Katika Kinyarwanda gucungura ni kukomboa, na Umucunguzi ni Mkombozi, jina linalotumika kanisani kwa Kristo. Kiswahili kina mwingiliano uleule: mkombozi ni Kristo, na mkombozi ni mpiganaji, na muungano ulioingia Kongo mashariki mwaka 1996 chini ya Laurent-Désiré Kabila ulibeba neno ukombozi katika jina lake. Lakini maana ya msingi ya kukomboa ni ya sokoni. Kitu kilichowekwa rehani hukombolewa kwa fedha. Mateka na mtumwa walikombolewa kwa malipo. Mkombozi ni yule anayelipa. Katika misitu ya Masisi na Walikale uhusiano huo uligeuzwa: waliojiita wakombozi walitoza kodi masokoni na njiani, na wanakijiji ndio waliolipa, kwa mavuno yao na kwa miili yao. Usiku wa kuamkia 10 Mei 2009, huko Busurungi, wapiganaji wa FDLR waliua raia zaidi ya 60. Neno la imani likitwaliwa na mtu asiyelipa chochote, halibaki tupu tu. Linakuwa na mdai mpya.

Mwaka uliofuata ndio ulioliingiza jina la Kibua katika taarifa za dunia. Kati ya 30 Julai na 2 Agosti 2010, muungano wa FDLR, kundi la Mai Mai la Ntabo Ntaberi Sheka na askari waasi uliingia katika vijiji 13 vya njia ya Kibua hadi Mpofi. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa: wanawake 300, wanaume 23, wasichana 55 na wavulana 9. Kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa ilikuwako Kibua penyewe, katika njia hiyohiyo. Kitenzi -okoa kilikuwa na mtenda wake aliyeteuliwa, mwenye silaha na magari, na tendo halikutendeka.

Sasa turudi kwa neno letu. Mwanamke wa njia ya Kibua akisema kanisani "nimeokoka", anasema nini? Kisarufi sentensi yake haitofautiani hata kidogo na ile ya Kĩoi. Lakini masikio ya majirani zake husikia sauti mbili kwa pamoja: amepokea imani, na ametoka hai. Sauti ya pili hairuhusu ukamilifu ambao sauti ya kwanza inaudai. Manusura hajafika, anaamka kila asubuhi akiwa na jeraha, na mara nyingi akiwa na mume aliyemfukuza au mtoto asiyetakiwa na ukoo. Ushuhuda unaomalizika kwa "nimeokoka" unamtaka aifunge hadithi ambayo bado iko wazi. Tena unamtaka aifunge yeye mwenyewe, kana kwamba wanaomsikiliza hawana tendo lolote linalowangoja. Kwa maoni yetu hapa ndipo kauli ya kutendeka inapogeuka kutoka kosa la mtindo na kuwa dhuluma. Wasikilizaji husema "haleluya", kisha huondoka wakiwa wepesi, kwa sababu hakuna kitenzi kilichowahusu.

Itasemwa kwamba tunaurudisha wokovu wa matendo kwa mlango wa nyuma, na kwamba Paulo alikwisha kulijibu jambo hili. Hoja hiyo ina uzito, na mabishano ya Paulo na Yakobo hayakuanza leo. Wakatoliki na Walutheri walihitaji karibu miaka 500 kabla ya kutia saini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, Augsburg, 31 Oktoba 1999. Lakini tuangalie tena sarufi. Anayeilinda neema zaidi ni nani: anayesema "nimeokoka", ambamo Mungu mwenyewe hana nafasi katika sentensi, au anayesema "ninaokolewa", ambamo mtenda anangoja kutajwa? Kauli ya kutendwa ndiyo kauli ya neema. Dietrich Bonhoeffer, aliyeandika 1937 dhidi ya neema rahisi isiyodai chochote, hakuwa akiipinga neema. Alikuwa Mlutheri, na alilipa kwa uhai wake mwaka 1945. Aliyeokolewa na mwingine anajua kwamba kuokoa ni tendo, hugharimu, na laweza kutendwa tena kwa mtu wa tatu. Aliyeokoka tu hana mfano wa kuiga.

Kivu yenyewe ina mfano wa watu waliokiunganisha tena kitenzi kilichogawanywa na watafsiri. Denis Mukwege, aliyezaliwa Bukavu 1955, ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste na mwenyewe huhubiri. Amesimulia mara nyingi jinsi, akiwa mtoto mdogo, alivyofuatana na baba yake kwenda kumwombea mtoto mgonjwa, na jinsi alivyomwuliza kwa nini hampi dawa. Baba alijibu kwamba yeye si daktari. Ni kisa kifupi, lakini kwa mhakiki kina utanzu mzima ndani yake: sala ya baba haikukanushwa, ila mtoto aliona kwamba ina kitenzi kimoja pungufu. Oktoba 1996 hospitali ya Lemera alikofanyia kazi ilishambuliwa, wagonjwa na wahudumu wakauawa. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, iliyokusudiwa kuwa ya wazazi, ikawa mahali pa kuwatibu wanawake waliobakwa vitani. Mei 2017 alizungumza Windhoek mbele ya mkutano mkuu wa Walutheri wa dunia, miezi 19 kabla ya kupokea Tuzo ya Amani ya Nobel, na alichowadai ni kwamba makanisa yaihesabu hatima ya wanawake hao kuwa sehemu ya imani yao wenyewe. Tusiitukuze hospitali moja kupita kiasi. Panzi iko mbali sana na Kibua, na barabara za Walikale anazijua aliyewahi kukwama ndani yake siku tatu. Lakini katika usemi wa Mukwege -okoa na -ponya zimerudi kuwa kitenzi kimoja, kama zilivyokuwa kwa yule mwanamke wa Marko 5.

Limebaki neno ushuhuda lenyewe. Kiswahili kimelitoa katika mzizi mmoja na ushahidi, na shahidi ni aonaye na kusema, na pia ni afaye kwa ajili ya imani yake, kama Mashahidi wa Uganda wa 1885 hadi 1887. Sheka alijisalimisha Julai 2017, na Novemba 2020 mahakama ya kijeshi mjini Goma ilimhukumu kifungo cha maisha. Watu wa vijiji walivyovivamia walikuwa wamekwenda kusema. Mbele ya hakimu, kauli ya kutendeka haina kazi. Hakimu hauulizi moyo wa msemaji umefikia hali gani. Anauliza ni nani alifanya nini, kwa nani, siku gani. Tunapendekeza kwamba ushuhuda wa kanisani na ushahidi wa mahakamani, ambavyo hadi sasa vimesomwa na idara mbili tofauti za chuo kama mambo yasiyojuana, visomwe pamoja, kwa maana katika njia ya Kibua wasemaji wake ni watu walewale, na huenda ni mwanamke mmoja aliyesimama Jumapili mahali pamoja na Jumanne mahali pengine.

Mwanafunzi atakayekwenda kuzikusanya tanzu hizo aandike kitenzi kama kilivyotamkwa, katika Kiswahili cha Kivu na si katika usanifu wetu, na aangalie hasa mahali ambapo msemaji anaacha -okoka na kuingia -pona, -okolewa au -ponywa, na ni nani anayetajwa baada ya "na": Mungu, daktari, jirani aliyemficha, au hakuna. Majina ya wasemaji yasichapwe. Wanaotajwa katika masimulizi hayo si wote waliofungwa.